Picha za Muuzaji

Juma lililopita, baada ya sala ya magharibi, mpwa wangu alinijia barazani hapa Chikongola akiwa na simu mkononi na karatasi mfukoni. Alipokwisha kuniamkia akasema, "Mjomba, tazama hii kwanza, halafu ndipo tuzungumze." Nikatazama. Farasi weupe walikuwa wakikimbia ufukweni alfajiri, polepole kana kwamba wanaogelea. Likaja jani, na tone la umande likidondoka. Ukaja uso wa mwanamke wa Kizungu, na kope zake unaweza kuzihesabu moja moja. Zilikuwa dakika tatu tu, na muziki wake ulitosha kumtoa nyoka pangoni. Mwisho likatokea jina la kamera.

"Umeiona picha ilivyo, mjomba?"

Nikasema nimeiona. Ndipo akaitoa karatasi. Ilikuwa fomu ya mkopo wa shilingi milioni saba kutoka chama cha akiba na mikopo. Mdhamini ni mimi, na dhamana ni shamba la mikorosho la mama yake, yaani dada yangu.

Sikutia sahihi. Mjomba wa kwetu, hata hivyo, hakatai kwa kunyamaza; hana budi kutoa sababu. Nilimwambia kwamba aliyonionyesha si picha ya kamera bali ni picha ya muuzaji. Akacheka, akadhani ni uzee unasema. Basi sababu zenyewe naziandika hapa, kwa ajili yake na kwa ajili ya vijana wengine wa Mtwara, Lindi na Masasi wanaopiga video za harusi na ambao, kila msimu wa korosho unapokaribia, huweka rehani mali za wazazi wao kwa sababu ya dakika tatu za farasi.

Nami ninayesema haya niliwahi kuwa mjinga kuliko wao. Mwaka 1996 nilikwenda Dar es Salaam na fedha za korosho za misimu miwili, nikavuka Rufiji kwa kivuko cha Ndundu, maana daraja lilikuwa bado, nikaingia duka moja ambalo jina lake sina haja ya kulitaja. Palikuwa na televisheni iliyoonyesha mkanda wa matangazo tangu asubuhi hadi jioni: maua ya waridi, mtoto akipuliza mapovu ya sabuni, theluji juu ya mlima. Sikuuliza lolote. Nilinunua kamera ya VHS ya kubeba begani, nikarudi nyumbani kama mtu aliyeoa.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa harusi ya dada yangu mdogo, usiku, kwenye uwanja wa nyumba yetu, kwa karabai mbili na balbu moja ya jenereta. Baba alisimama akamuasa binti yake kwa muda wa robo saa. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na sidhani kwamba aliwahi kusema mengi kiasi kile mbele za watu. Niliyapata yote. Asubuhi tulipoutazama mkanda, sauti ilikuwa safi kabisa. Palikuwa na kanzu nyeupe, na juu ya kanzu palikuwa na kofia nyeupe, na katikati yake palikuwa na giza lililojaa chenga kama unga wa muhogo. Baba alifariki masika iliyofuata. Hatuna picha yake nyingine ya kutembea na kusema. Wajukuu wakiuliza babu yuko wapi, tunawaambia ndiyo hiyo kanzu.

Je, mkanda wa dukani ulinidanganya? La hasha. Kamera ile iliweza kweli kupiga maua na theluji. Uongo niliutia mwenyewe, nilipoona theluji nikadhani nimeona usiku wa kwetu. Pilau tamu haikupi habari za sufuria; inakupa habari za mpishi, na nyama, na viungo, na fedha za mwenye shughuli. Wenye viwanda hawawapi wapishi wabovu sufuria zao mpya.

Wanaoijua kazi hii wanaikumbuka filamu fupi ya Reverie ya mwaka 2008. Canon ilimwazima Vincent Laforet kamera ya 5D Mark II kabla haijaingia madukani, naye akapiga usiku wa New York akiwa na waigizaji, gari, na hata helikopta. Laforet si mtu wa kubahatisha. Alikuwa miongoni mwa wapiga picha wa gazeti la New York Times waliopata tuzo ya Pulitzer mwaka 2002. Dunia ilishangaa, na ilikuwa haki yake kushangaa. Lakini filamu ile haikusema kwamba kamera yenyewe, katika video, haikumwachia mpigaji ajipangie mwanga kwa mkono wake. Ruhusa hiyo ilikuja katikati ya mwaka 2009, Canon ilipotoa marekebisho. Wala haikusema kwamba ilirekodi fremu 30 kwa sekunde basi. Fremu 25, ambazo ndizo zetu sisi, zilikuja mwaka 2010.

Huenda ukaniuliza, ndugu msomaji, fremu 25 au 30 zinatuhusu nini watu wa Mtwara. Zinatuhusu sana. Umeme wetu hubadilika mara 50 kwa sekunde, na wa Marekani mara 60. Kwa hiyo taa ya tyubu ya ukumbi wetu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, ingawa jicho halioni. Kamera iliyopangwa kwa fremu 30 na umeme wa Marekani haipatani na mapigo hayo, na picha huanza kucheza, au michirizi ya giza hupanda na kushuka ukutani nyuma ya bibi harusi. Siku hizi taa nyingi za rahisi tunazonunua sokoni zina ugonjwa huohuo. Dawa yake ni kuweka fremu 25 na kasi ya 1/50, kama kamera inakubali. Farasi wa ufukweni hawana habari na jambo hilo, kwa sababu jua halitegemei jenereta.

Kisha kuna ngozi zetu. Kamera ikiachiwa ijiamulie yenyewe, hutafuta wastani wa mwanga wote inaouona. Mweke bibi harusi mweusi wa Kimakonde ndani ya gauni jeupe, nyuma yake pazia jeupe, nayo itaona weupe umezidi, itapunguza mwanga, na anayelipa gharama ni uso. Kosa hilo ni la zamani. Kwa miaka mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, ambayo mafundi waliiita Shirley. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada, aliyeandika juu ya kadi hizo mwaka 2009, anaeleza kwamba Kodak ilisukumwa kurekebisha filamu zake na malalamiko ya watengeneza chokoleti na wauza samani za mbao, ambao rangi zao za kahawia zilikuwa hazitofautiani. Ati chokoleti! Mpingo wetu ungekwenda kulalamika ungesikilizwa kabla yetu. Na hapo ng'ambo ya Ruvuma, mwishoni mwa miaka ya 1970, Jean-Luc Godard alialikwa na serikali changa ya Msumbiji katika mipango yake ya televisheni, na inasimuliwa kwamba alizikataa filamu za Kodak akisema ni za kibaguzi. Sensa za leo ni bora mara nyingi kuliko filamu zile. Hata hivyo nimeuliza swali ambalo mpwa wangu hakulijibu: katika dakika zile tatu, wangapi walikuwa weusi kama mama yako, na ni saa ngapi za usiku?

Usitafute joto pia katika tangazo, hulioni. Canon ilipotoa R5 mwaka 2020, karatasi zake zenyewe zilisema kwamba video ya 8K ingerekodiwa kwa muda wa dakika 20 hivi, kwenye joto la nyuzi 23, kabla kamera haijazidiwa na joto. Sifa kwao, waliandika. Lakini nyuzi 23 ni ugeni huku kwetu mwezi wa Desemba, ndani ya ukumbi uliofurika watu na feni mbili, moja mbovu.

Wapo wadanganyifu hasa, sikatai. Septemba 2012 Nokia ilionyesha video ya msichana akiendesha baiskeli, ili watu waone jinsi simu ya Lumia 920 inavyotuliza picha. Watazamaji wenye macho wakaona, katika kioo cha dirisha, gari na mtu ndani yake ameshika kamera kubwa. Nokia ikaomba radhi. Lakini mimi simwogopi sana mwongo wa aina hiyo, kwa kuwa ipo siku hunaswa. Namwogopa anayeonyesha picha ya kweli, iliyopigwa na fundi, kwa lenzi yenye bei kupita kamera yenyewe, ikapakwa rangi na mtaalamu wiki nzima, ikabanwa ili ipite kwenye intaneti mpaka chenga zote zikafutika, kisha tukaitazama kwenye kioo cha kiganja, mahali ambapo hata picha mbovu huwa kali. Huyo hana kosa la kuombea radhi.

Mpwa wangu ana hoja moja nzito, nami siwezi kuipita. Anasema, "Mjomba, wewe ulikuwa na duka la kuingia. Sisi Mtwara tutaishikia wapi kamera ya namna hiyo? Tusipotazama tangazo, tutatazama nini?" Ni kweli, umbali ni umaskini wa aina yake. Lakini hizo kamera wapo wenzake wanaozikodisha, na wapo walionunua. Amwombe mmoja ampe faili la harusi la usiku, bichi, lisilohaririwa, lote, pamoja na zile sehemu ambazo mwenyewe anaona aibu kuzitoa. Hizo za aibu ndizo zenye habari.

Na hapa nikiri jambo, maana nisipokiri atanikumbusha yeye. Sisi wapiga video tunawatenda wateja vilevile. Kwa miaka kadhaa niliwaonyesha wateja mkanda mmoja tu wa harusi iliyofanyika Shangani, saa kumi na moja jioni, upepo wa bahari, jua limelala juu ya maji. Nilimwonyesha hata mzee mmoja wa Mikindani aliyekuwa akioza binti yake usiku wa manane wakati wa mvua. Alilipa kwa kuona jua la Shangani. Alipoletewa kazi aliitazama mpaka mwisho, akanishukuru, na hakuniita tena alipooza wa pili.

Jumamosi hii kuna harusi Mikindani, usiku, uani kwa jirani wa dada yangu: tyubu mbili, taa za rangi, na jenereta pembeni kama umeme utakatika. Nimemwambia mpwa wangu aikodi kamera ileile kutoka Dar, ije na basi, na nusu ya gharama nitatoa mimi. Aipige kama atakavyoipiga kazini, bila kuichagulia pembe nzuri. Ampate bibi harusi katika gauni lake na mama yake katika buibui, wote wawili ndani ya picha moja. Jumapili tutaitazama kwenye televisheni kubwa ya sebuleni kwa dada yangu, naye awepo, kwani mikorosho ni yake. Karatasi ya udhamini nimeiweka kabatini, juu ya ule mkanda wa mwaka 1996.