Wasifu wa Mzee Karume: Hatufuti Mstari Wenye Ushahidi

*TAARIFA KWA WANACHAMA WOTE WA TAWI, MABATINI*



Tangu Jumapili simu ya tawi haijapumzika. Wengine wameandika kwa heshima, wengine kwa herufi kubwa tupu, na ndugu mmoja ametaka Katibu aitwe mbele ya Kamati ya Siasa ajieleze kwa nini "anamchafua Mzee Karume". Tunawajibu wote hapa kwa pamoja, maneno yasiendelee kupikwa vibarazani.

Kilichotokea ni hiki. Vijana wetu sita waliamua kuupitia na kuuandika upya wasifu wa Hayati Abeid Amani Karume kwa ajili ya Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Wazo zuri, na tunawapongeza tena. Rasimu ikaletwa ofisini tuisome kabla haijapandishwa. Tuliisoma jioni mbili, ya pili mvua ikipiga bati hadi tukawa tunasomeana kwa kupaza sauti.

Makosa ya lugha yalikuwa ya kawaida: "Raisi" badala ya Rais, "aliuwawa" badala ya aliuawa, sentensi moja ya mistari tisa isiyo na nukta. Tarehe ya Muungano iliandikwa 12 Januari, ambayo ni ya Mapinduzi; Muungano ni 26 Aprili 1964. Tulisahihisha, hakuna aliyelalamika.

Kelele zimetokana na tulichoondoa na tulichorudisha.

Tuliondoa sifa. Neno "shujaa" lilitokea mara kumi na moja katika kurasa mbili. Kamusi elezo si risala ya sherehe, ndugu zangu. Pale vijana walipoandika "aliwapenda sana wanyonge", tumeweka kwamba serikali yake iliitaifisha ardhi na kuwagawia wakulima eka tatu tatu, kwamba Septemba 1964 ilitangaza elimu bila malipo, na kwamba majumba ya Michenzani yalianza kujengwa wakati wake. Msomaji wa Ukara au Kome akiona eka tatu atajua mwenyewe ni upendo au si upendo, maana anajua eka moja inalisha watu wangapi.

Tulichorudisha ndicho kilichouma. Rasimu ilianza na Mapinduzi kana kwamba hakukuwa na uhuru wa 10 Desemba 1963, siku 33 kabla. Chama kina msimamo kwamba uhuru wa kweli uliletwa na Mapinduzi, na msimamo huo una nafasi yake kwenye wasifu kama msimamo. Tarehe hata hivyo haifutiki kwa sababu hatuipendi. John Okello naye hakuwemo kabisa, wakati ndiye aliyesikika redioni akitangaza Mapinduzi, mtu wa Lango, Uganda. Mahali alipozaliwa Mzee tumeandika kama vitabu vinavyotofautiana: wengine Mwera, Unguja, wengine Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Hilo halimpunguzii kitu. Nusu yetu hapa Mabatini baba zetu walitoka kwingine.

Sasa mstari uliotaka kututenganisha. Tumeandika kwamba Kassim Hanga na Othman Shariff, waliokuwa mawaziri katika serikali ya Mapinduzi, walirudishwa Zanzibar kutoka Bara mwaka 1969 wakauawa huko. Tumeandika pia kuhusu wasichana wenye asili ya Kiajemi walioozwa kwa nguvu mwaka 1970. Ndugu yetu anasema haya ni silaha ya wapinzani. Tumemwelewa, na hatumwoni kama mtu mbaya, anampenda Mzee. Lakini tazameni neno "kutoka Bara". Mstari ule unatugusa na sisi wa huku, si Zanzibar peke yake, na huenda ndiyo sababu unatuwasha.

Katibu wenu amesomea uhasibu. Katika vitabu vya fedha ukikosea hufuti kwa wino mweupe. Unapiga mstari mmoja, kosa libaki likisomeka, unaandika iliyo sahihi na kuweka saini. Mkaguzi akiona wino mweupe haulizi tena kuhusu tarakimu ile moja, anaanza kukitilia shaka kitabu kizima. Wikipedia nayo huhifadhi kila badiliko na saa lilipofanywa. Tukifuta majina ya Hanga na Shariff, ufutaji wenyewe utabaki pale kwa kila mtu kuuona, na baada ya hapo nani ataamini eka tatu?

Tunakiri kosa moja. Mzee wetu wa shina la mlimani alitusimulia alivyoisikia redio habari ya tarehe 7 Aprili 1972, Karume alipopigwa risasi Kisiwandui, na soko lilivyonyamaza. Vijana waliiweka, sisi tukaitoa, kwa kuwa kamusi elezo inataka chanzo kilichochapishwa. Kanuni ni hiyo, ila tulimwambia kwa ujumbe mfupi badala ya kwenda kwake. Tumekwenda jana. Simulizi yake itaandikwa yote kwenye daftari la tawi, kwa jina lake, akiridhia.

Rasimu haijapandishwa. Kikao ni Jumamosi saa kumi jioni, ofisi ya tawi. Anayetaka mstari uondoke aje na kitabu kinachoupinga, ataje na ukurasa, nasi tutaubadilisha mbele yake. Ndugu aliyetaka tuitwe Kamati ya Siasa, tumeomba ajenda hiyo iwe ya kwanza.

Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya Sekretarieti.