Babu Aliyetoka Ulaya na Bibi Asiyeandikwa



Novemba ni mwezi wa kuwaombea marehemu, na bahasha za majina zinaletwa sakristia. Majina ya mababu yanafika hata kizazi cha nne, lakini ya mabibi mara nyingi yanaishia kwa yule aliyemlea mwandishi mwenyewe. Tunajitetea kwamba wazee wetu hawakuwa na maandishi. Basi tumtazame mtu wa karne ya 19 ambaye maandishi juu yake ni tele.

Charles Henry Stokes alizaliwa Dublin mwaka 1852, wakati Ireland ikitawaliwa na Uingereza. Alikuja pwani yetu mwaka 1878 akiwa mlei katika chama cha kimisionari cha Waanglikana, CMS. Huko Zanzibar alimwoa Ellen Sherratt mwaka 1883; mwaka uliofuata Ellen akafariki baada ya kujifungua binti. Mwaka 1885 akamwoa Limi, wa ukoo wa mtemi Mitinginya wa Usongo, Unyamwezi. Mwaka 1886 aliachana na CMS akawa mfanyabiashara wa misafara: pembe za ndovu zikienda pwani, bunduki zikienda bara. Watu walimwita Bwana Stokesi. Mwaka 1889 alimsaidia Kabaka Mwanga kurudi kwenye kiti chake.

Tarehe 15 Januari 1895, Kapteni Lothaire wa Dola Huru ya Kongo alimnyonga mahali paitwapo Lindi (si Lindi yetu ya kusini). Ulaya ikawaka moto. Lothaire alishtakiwa Boma, kisha Brussels, akaachiwa huru kote. Dola ile ililipa fidia ya faranga 150,000 kwa Uingereza na 100,000 kwa Ujerumani. Maelfu ya Waafrika waliouawa katika nchi hiyohiyo hawakufanyiwa kesi ya namna hiyo, lakini hilo ni somo la siku nyingine.

Ninachotaka mkione ni nafasi ya Limi katika habari hizo zote. Ndoa ile ndiyo iliyomfungulia Stokes njia ya kuwapata wapagazi wa Kinyamwezi, na bila wapagazi hakuna msafara. Bila Limi na ukoo wake, Bwana Stokesi angebaki Mzungu mmoja mwenye mizigo asiye na wa kuibeba. Hata hivyo vitabu humpa sentensi moja au mbili. Mwanamke mwingine, Nanjala, alimzalia mwana, Charles Kasaja Stokes, mwaka uleule wa kifo cha baba. Habari za baba yake Kasaja zimejaa katika nyaraka za serikali tatu, ila za mama yake ni haba mno. Uhaba huo haukutokana na ukosefu wa karatasi. Walioandika hawakumwona kuwa ni mtu wa kuulizwa, na nahofu kwamba nasi katika ukoo wetu tunafanya vilevile bila kulazimishwa na mkoloni yeyote.

Wako watakaosema: muuza bunduki huyu wa nini kwetu, na hizo ndoa zake? Mwinjili Matayo hakuona haya ya namna hiyo. Katika ukoo wa Bwana wetu alimwandika Tamari, Rahabu, Ruthu na mke wa Uria, ambao habari zao si rahisi kusimulia mezani. Anayetafuta babu aliyesafishwa hatafuti babu, anatafuta sanamu.

Kanuni ya 877 ya Sheria za Kanisa inaagiza daftari la ubatizo litaje wazazi, si baba peke yake. Kwa hiyo kila jina la mama linaloandikwa vizuri leo ni mlango kwa kitukuu atakayekuja kuuliza. Wenzetu wanaowaandikisha watoto, msiniambie “mama yake fulani”. Nipeni jina alilopewa na wazazi wake, na ukoo wake.

Na kwa mabibi waliofariki, waulizeni wazee wa Kenyamonta ambao bado wako nasi, hasa wale bibi wenyewe: nani alikuzaa, na nani alimzaa mama yako? Bahasha zitapokelewa hadi mwisho wa mwezi. Zile zilizokwisha kuletwa zinaweza kuongezwa majina. Ziombeni tu kwa katekista.