Napoleon Alishinda, Ni Nani Waliokufa?



Wanafunzi huniuliza mara kwa mara waanzie wapi kusoma habari za Napoleon Bonaparte na vita vyake. Sina ugomvi na swali hilo. Ugomvi wangu ni namna tunavyomsoma. Tunamsoma kama mashabiki wa mpira: tunahesabu Austerlitz mwaka 1805, Jena mwaka 1806, Wagram mwaka 1809, kisha tunafika Waterloo mwaka 1815 tukasikitika kana kwamba timu yetu imefungwa. Nasema bila kuficha: kusoma hivyo ni kujizoeza utii, wala si kujifunza historia.

Wewe unayejifunza Kiswahili unayo silaha ya kujikinga, nayo ni sarufi. Ukiandika "alishinda", kiambishi a- kinamtaja mtu mmoja. Ukiandika "walikufa", wa- kinawataja wengi. Ukiandika "utumwa ulirejeshwa", u- kinautaja utumwa tu, na mtenda amejificha nyuma ya kauli ya kutendwa. Sasa fungua kitabu chochote cha kumsifu mtawala. Utaona kwamba ushindi hupewa a-, na uovu hupewa kauli ya kutendwa.

Anza na Urusi. Vitabu husema, "Mwaka 1812 Napoleon aliivamia Urusi." Lakini waliovuka mipaka katika vita ile walikuwa askari takriban 600,000, na karibu nusu yao hawakuwa Wafaransa. Walikuwemo Wapolandi, Wajerumani, Waitaliano, vijana wa mataifa aliyoyatiisha. Wengi wao hawakurudi. Mwezi Desemba serikali ilichapisha taarifa ya 29 ya jeshi. Ilikiri balaa la baridi, ikataja farasi zaidi ya 30,000 waliokufa kwa siku chache, kisha ikamalizia kwa kuwaarifu wananchi kwamba afya ya Mtukufu haijapata kuwa njema kama wakati ule. Mama aliyekuwa akingojea mwanawe alipewa hesabu ya farasi na habari ya afya ya mkubwa. Jumla ya watu waliokufa hakupewa.

Njoo kwenye utumwa. Bunge la Mapinduzi ya Ufaransa liliufuta katika makoloni tarehe 4 Februari 1794. Mwaka 1802 Bonaparte aliuidhinisha kwa sheria katika makoloni yaliyokuwa yakirudishwa na Waingereza, kisha akaurejesha Guadeloupe. Angalia vitenzi vyangu: aliuidhinisha, akaurejesha. Mtenda yuko wazi. Huko Guadeloupe, Louis Delgrès, ofisa mwenye asili ya Kiafrika katika jeshi hilohilo la Ufaransa, alikataa. Tarehe 28 Mei 1802, walipozingirwa huko Matouba, yeye na wenzake walijilipua kwa baruti kuliko kurudi utumwani.

Katika Saint-Domingue, nchi tuiitayo leo Haiti, Bonaparte alimtuma shemeji yake, Jenerali Leclerc, pamoja na jeshi kubwa. Walimkamata Toussaint Louverture kwa hila, wakampeleka Ufaransa, naye akafia katika ngome yenye baridi ya Joux tarehe 7 Aprili 1803. Watu wake hawakusalimu amri. Chini ya Jean-Jacques Dessalines waliwashinda Wafaransa huko Vertières tarehe 18 Novemba 1803, na tarehe 1 Januari 1804 wakatangaza uhuru. Tunaambiwa kila siku kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia. Haiti nyasi zilimwangusha tembo. Kwa nini basi tunaijua Waterloo, na Vertières hatuijui?

Utanijibu, "Mwalimu, mbona alileta sheria?" Ni kweli. Sheria ya Kiraia ya mwaka 1804 iliweka usawa wa wanaume mbele ya sheria bila kuuliza ukoo. Lakini hata hapo tumpe kila mtu haki yake: rasimu iliandaliwa na tume ya wanasheria wanne, na Mapinduzi yalikuwa yamekwisha kufungua njia. Tena kifungu cha 213 kilimwamuru mke amtii mumewe. Sheria hiyo ilitia mizizi Ubelgiji, na Wabelgiji wakaja na mizizi hiyo Kongo. Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987 bado ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate idhini ya mumewe katika mambo ya kisheria. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2016. Sisemi kosa lote ni la Napoleon, kwa maana na sisi tulilipenda sharti hilo tukalitunza. Nasema tu kwamba habari za watawala wa mbali zinaweza kuwa zimelala ndani ya nyumba yako.

Jambo la mwisho ni kura. Bonaparte alitwaa madaraka kwa nguvu mwezi Novemba 1799. Mwanzoni mwa mwaka 1800 alifunga magazeti mengi ya siasa mjini Paris, akayabakiza 13. Alikuwa pia amewaita wananchi wapige kura juu ya katiba yake. Wizara ya Mambo ya Ndani, iliyoongozwa na nduguye Lucien, ikatangaza kura za ndiyo 3,011,007 na za hapana 1,562. Wanahistoria waliozipekua nyaraka wameonyesha kwamba karibu nusu ya kura hizo za ndiyo zilibuniwa. Miaka minne baadaye raia walikuwa na mfalme mkuu mwenye taji. Je, mpangilio huo ni mgeni kwako?

Kwa hiyo soma juu ya Napoleon, msomaji wangu, tena soma sana. Lakini usome kama raia. Kila kitenzi kiulize maswali mawili: nani alitenda, na nani alitendewa? Kisha chukua gazeti la leo ulifanyie vivyo hivyo. Utakuta "Mheshimiwa alijenga barabara", na chini yake "fedha zilipotea". Barabara ina mtenda, fedha hazina. Mwandishi akimficha mtenda, mtafute wewe, uiandike sentensi upya katika daftari lako. Hilo ndilo zoezi lako la wiki hii.