UKIEZEKA NYUMBA, USIWE TAJIRI MBAYA



Wengi wetu hutoa akiba ya miaka mingi kuondoa mabati yaliyooza na kuezeka mapya. Siku hiyo mfanyakazi hugeuka tajiri, na fundi huwa mfanyakazi wake. Basi yale tunayoyadai kwa matajiri wetu, yatupasa kuyatenda.

Kwanza, andikeni mapatano: idadi ya mabati, geji yake, ujira, na siku ya kumaliza. Jueni kwamba bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28. Asiyejua hulipa bei ya bati nene akapewa jembamba.

Pili, msilipe fedha zote mbele. Toeni sehemu kazi inapoanza, sehemu ikifika nusu, na salio mkiisha kukagua. Msumari hupigwa juu ya mgongo wa bati, si bondeni, ili maji yasipenye.

Tatu, kazi ikiwa njema, lipeni siku ile ile. Kumzungusha fundi kwa "njoo kesho" ni dhuluma ile ile tunayoilalamikia sisi. Wala msimpandishe kibarua juu ya paa kwa ngazi mbovu. Akianguka, watoto wake ndio watakaolala njaa.

Mdai haki naye atende haki.