Ulijitolea ama Ulijirekodi?

Wiki jana niliposti kwamba natafuta watu kumi wa kuzibua mtaro huku kwetu Huruma, Jumamosi asubuhi. Jibu la kwanza: "Tunalipwa ngapi?" La pili: "Hizo ni kazi za mababi wakitafuta kitu cha kuandika kwa CV." La tatu ndilo liliniuma: "Si wewe ndio ule msee wa video ya unga?"

Ni mimi. Wacha nianzie hapo, ndio msiseme naficha.

Krismasi ya 2023, mimi na mabeshte wanne tulienda kwa makao fulani ya watoto. Tulibeba beli nne za unga, mafuta ya kupikia na sabuni. Tulibeba pia kamera mbili, taa, na droni ya kukodi. Hiyo droni ilikula pesa kuliko unga. Tukapiga picha tukikumbatia watoto ambao hata majina yao hatukuuliza. Mama mlezi akatushukuru vizuri, kisha akatupeleka stoo ili tuweke mizigo. Stoo ilikuwa imejaa unga mpaka mlangoni. Akatuambia kwa upole, "Wanangu, unga tunayo hadi Pasaka. Kila mtu huja Disemba. Kitu nakosa ni mtu wa kuja kila Jumanne jioni awasaidie hawa watoto na hesabu."

Tukasema sawa, mama. Tukachukua namba yake. Hakuna hata mmoja wetu aliyerudi. Ile video ilitazamwa kuliko kitu kingine chochote nilichokuwa nimeposti. Hesabu za wale watoto zikabaki vile zilikuwa.

Kwa hivyo sijaandika hii nikiwa juu ya mti nikiwacheka mlio chini. Nasema kitu nimejionea mwenyewe: kizazi chetu kinajua kuja. Kurudi ndio kumetushinda.

Na tunajua kuja kweli, msidanganywe ati sisi ni wabinafsi. Aprili 2024 mto Mathare ulipofurika usiku, watu wa kwanza kuingia kwa maji hawakuwa wa serikali. Walikuwa majirani, vijana wenye kamba na tochi za simu. Miezi miwili baadaye, Juni, wakati wa Mswada wa Fedha, madaktari na wanafunzi wa udaktari walijitokeza bila kuitwa na kuhudumia majeruhi katikati ya mji, hata ndani ya Msikiti wa Jamia. Watu ambao hawajuani walichanga kwa simu, shilingi hamsini hamsini, kulipia wengine bili za hospitali. Hakuna aliyeuliza analipwa ngapi.

Lakini kumbuka kilichofuata baada ya mafuriko. Maji yalipungua, tukarudi nyumbani. Halafu serikali ikaagiza watu wahame kando ya mto, na tingatinga zikaja kubomoa nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30. Wakati huo tulikuwa umati tu. Sisi vijana tulikuwa mamia, na hatukuwa na hata karatasi moja. Wasamaria walipoleta mablanketi wakauliza nani aliishi wapi na ana watoto wangapi, hakuna kijana aliyekuwa na jibu. Waliokuwa nalo ni akina mama wa chama kimoja cha merigoraundi. Walikuwa na daftari. Majina, namba za simu, plot, watoto, nani amelipa, nani ana deni. Wao ndio walijua mama gani hajaonekana tangu usiku ule, na wakatuma mtu kumtafuta.

Hicho chama tumekicheka miaka yote. Ati wamama wanapigana faini ya shilingi hamsini kwa kuchelewa. Ati mkutano unafunguliwa kwa maombi na kufungwa kwa maombi, katikati kuna kusomwa kwa kumbukumbu za mkutano uliopita. Boring, si ndio? Siku ya shida, hiyo boring ndiyo ilijua nani amepotea. Sisi tulikuwa na video.

Wengine mnaniambia klabu za huduma ni za wazee wa suti wanaokula chakula cha mchana hotelini. Sawa, tuzungumzie hao wazee. Rotary ilianza Chicago mwaka 1905. Wakili mmoja anaitwa Paul Harris alikutana na wenzake watatu kwa ofisi ya mmoja wao. Watu wanne. Walikuwa wakikutana kwa zamu, leo ofisi hii, kesho ile, na jina la Rotary likatoka kwa hiyo zamu. Na unajua moja ya kazi zao za kwanza za kijamii? Mwaka 1907 walianza kampeni ya kutaka mji uwe na vyoo vya umma. Vyoo! Kitu ambacho ukiishi Mathare hauhitaji kuelezwa umuhimu wake. Klabu ya Nairobi ikaanzishwa 1930. Mwaka 1985 Rotary ikaanza kampeni ya kumaliza polio duniani, na ilikuwa Agosti 2020 ndipo Afrika ilitangazwa kuwa haina virusi asilia vya polio. Hiyo ni miaka 35 ya kurudi. Ni hela nyingi pia, na serikali na mashirika makubwa yalikuwa ndani, nakubali. Lakini bila watu wa kurudi, chanjo ingebaki kwa friji.

Mimi niliingia Rotaract nikiwa chuo. Mwaka wa pili karo ikanishinda, nikatoka. Nilidhani na klabu pia nimetoka, kumbe kuna klabu za Rotaract za vyuo na kuna zile za mtaani, na ya mtaani haikuniuliza cheti. Waliniuliza kama naweza kuwa katibu. Huko ndiko nilijifunza kuandika kumbukumbu, kupanga bajeti ya elfu nane ikatosha, na kusimama mbele ya chifu nikiongea bila kutetemeka. Sikuambii uingie Rotaract. Ingia kikundi cha kanisa, cha msikiti, cha timu ya mpira, skauti, Msalaba Mwekundu, ama anzisha chenu. Bora kiwe na siku yake, daftari lake, na mtu wa kukuuliza jana ulikuwa wapi.

Sasa turudi kwa lile swali la kwanza. "Tunalipwa ngapi?" Mnadhani nitalidharau. Hapana, ni swali la haki, kwa sababu nchi hii imetumia neno kujitolea kuibia watu jasho. Waangalie wahudumu wa afya ya jamii, wengi wao akina mama. Miaka mingi waliitwa wa kujitolea. Walitembea nyumba kwa nyumba wakipima watoto na kufuatilia dawa za TB, wengi bila posho ya kueleweka. Mpaka Septemba 2023, serikali ilipowazindua upya karibu 100,000, ndipo ikaahidiwa posho ya 5,000 kwa mwezi. Elfu tano, kwa kazi ambayo hospitali zinaitegemea. Na kuna ofisi huko mjini zinaandika "nafasi ya kujitolea" zikimaanisha kazi ya saa mbili asubuhi hadi kumi na moja jioni, siku tano, nauli yako mwenyewe.

Kanuni yangu ni rahisi. Kama kuna mtu juu yako analipwa mshahara kwa kazi unayoifanya bure, hapo haujajitolea, umenyonywa. Toka. Lakini kama ni mtaro unaopita mbele ya mlango wenu, na kila aliyeshika koleo hapo halipwi, na hesabu iko wazi kwa daftari, huyo boss unayemkataa ni nani? Ni wewe na jirani yako. Na kama Jumamosi uko na kibarua, enda kibarua. Rent haingoji. Nauliza tu wale tunaokaa kwa kona kuanzia saa tatu mpaka saa saba tukisema mtaa umeharibika.

Kuna wale watasema, "Mtaro ni kazi ya kaunti. Tunalipa ushuru. Mkizibua nyinyi, mnawapea nafasi ya kulala." Hii ndiyo hoja nzuri kuliko zote, na nilikuwa naiamini. Lakini niambie, kaunti ililala kidogo wakati hatukuzibua? Mtaro ulikaa umeziba na maji yakaingia kwa nyumba zetu, sio kwa ofisi zao.

Sisi hatuzibui tu tukaenda. Kila tukizibua tunaandika tarehe, tulikuwa wangapi, tumetoa magunia mangapi, na takataka imetoka wapi. Tumefanya hivyo mara kumi na moja. Halafu tukaandika ombi kwa kaunti, kwa sababu Kifungu cha 37 cha Katiba kinakupa haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, na Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kuuliza pesa za mitaro zimeenda wapi. Makadirio ya bajeti ya kaunti yanatakiwa kufika bungeni kwao kufikia 30 Aprili kila mwaka. Wananchi huitwa kutoa maoni, na nimeenda: ukumbi una viti vitupu na wale wazee walewale. Mtu mmoja akisimama kulalamika anaambiwa asante, keti. Kikundi kilichosajiliwa kikisimama na daftari la mara kumi na moja, hiyo ni story nyingine. Hiyo kazi ya Jumamosi si zawadi kwa kaunti. Ni ushahidi dhidi yao.

Sitawadanganya ati tumeshinda. Bado hatujajibiwa. Lakini nakala yetu ina muhuri wa kupokelewa na tarehe, na mwezi ujao tunarudi kuuliza. Kurudi, ndiyo hiyo.

Mwezi uliopita nilitafuta ile namba ya mama mlezi. Ilinichukua siku tatu kupiga, kwa aibu. Nikajitambulisha, nikaanza kueleza vile maisha yalikuwa, karo, kazi, hili na lile. Akanikatiza. Hakuuliza nilipotelea wapi. Aliuliza, "Sasa ni Jumanne hii ama ile nyingine?"

Jumamosi hii ni saa mbili asubuhi, pale daraja. Kuja na koleo kama uko nayo, na viatu ambavyo hautavililia. Kuchelewa ni faini ya shilingi ishirini, mweka hazina hana huruma. Simu yako iache kwa mfuko mpaka tumalize. Na usipokuja hii, kuja ile nyingine, bora baada ya hapo usiache.