Mawakili, Nendeni Mkakae Vibandani na Wachoraji

Mpwa wangu huchora picha za Tingatinga katika kibanda kimoja kule Oysterbay, Dar es Salaam. Miaka michache iliyopita alichora kanga watatu wakinywa maji chini ya mbuyu. Alipokuwa anamalizia mguu wa yule wa katikati, tone la rangi nyeusi likadondoka pasipotakiwa. Rangi ya mafuta ikishagusa ubao haifutiki bila kuacha doa, kwa hiyo akaligeuza lile tone likawa kijiwe, akakitilia kivuli cha buluu, akaendelea na kazi. Picha akaiuza kwa shilingi 80,000.

Baada ya kama mwaka mmoja akaja nyumbani na mfuko wa kitambaa, ule wa kuuziwa wageni, ulionunuliwa na rafiki yake katika duka la zawadi mjini. Ubavuni mwa mfuko wamepigwa chapa kanga watatu, mbuyu, na kando ya mguu wa kanga wa katikati kijiwe chenye kivuli cha buluu. Akakiwekea kidole. "Mjomba," akaniambia, "hata kosa langu wamelichukua."

Nikampeleka kwa wakili. Ni mtu mwenye heshima zake, hodari wa kesi za viwanja na mirathi. Akamuuliza, "Picha uliiuza?" Kijana akajibu kwamba aliiuza. "Basi si yako tena." Mfuko ulikaa mezani dakika kumi zote tulizokuwa pale na wakili hakuushika.

Ndugu zangu mawakili, nayaandika haya kwa uchungu, wala si kwa kumshtaki yule bwana. Alikosea, na alikosea jambo la darasa la kwanza katika hakimiliki. Anayenunua picha hununua ubao na rangi iliyokauka juu yake. Anaweza kuutundika sebuleni, kuuza, hata kumrithisha mwanawe. Haki ya kuinakili picha ile katika mifuko, vikombe au kalenda haiendi naye mlangoni, hubaki kwa mchoraji mpaka mwenyewe aitoe kwa mkataba. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya 1999, inamlinda mchoraji, mchongaji na mpiga picha sawasawa na inavyomlinda mwandishi wa vitabu na mwanamuziki. Haki hiyo huzaliwa kazi inapofanyika, hata kabla ya kuandikishwa popote; kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, huongeza ushahidi tu. Tena juu ya haki ya fedha iko haki ya kutajwa jina na haki ya kupinga kazi isiharibiwe. Mpwa wangu alikuwa na madai ya haki mkononi. Kilichokosekana ni mtu wa kuyasoma.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Sheria tunayo, na mikataba ya kimataifa tumeisaini. Tanzania iliingia katika Mkataba wa Berne mwaka 1994. Tunachokosa ni mawakili waliofundishwa kuitazama picha. Nasema kuitazama, kwa maana hakimiliki ya sanaa za ufundi haisomwi katika vifungu peke yake.

Tazama jambo la mtindo. Edward Said Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kung'aa juu ya vipande vya hadibodi, vingi vyao futi mbili kwa futi mbili. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafa. Wanafunzi na ndugu zake wakaendeleza kazi, na mwaka 1990 chama chao cha ushirika kikaandikishwa. Leo wachoraji wengi wanachora twiga wa shingo ndefu na ndege wa madoadoa, na hakuna awezaye kumkataza mwenzake, kwa kuwa mtindo hauna mwenyewe. Filamu za katuni za watoto zilizotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010 zilichukua sura na hata jina la Tingatinga. Wakili asiyejua mpaka huu kati ya mtindo na picha yenyewe atafanya moja ya makosa mawili. Ama atamwambia mchoraji kwamba hana chake kwa sababu "picha hizi zote ni zilezile", ama atafungua kesi ya kudai umiliki wa twiga na kuaibika mbele ya hakimu.

Aliyefundishwa angeuliza maswali mengine kabisa. Kanga wameelekea wapi? Matawi ya mbuyu ni mangapi, na lipi limekatizwa na ukingo wa ubao? Mchoraji aliteleza wapi? Kile kijiwe cha mpwa wangu ni ushahidi wa dhahabu, kwa sababu watu wawili wanaweza kubuni kanga watatu, lakini hawawezi wote wawili kudondosha tone moja mahali pamoja na kulitilia kivuli cha rangi moja. Jambo hili halipatikani katika kitabu cha sheria. Linapatikana kwa kukaa juu ya benchi na kumtazama mtu anavyopaka ardhi ya picha kwanza, anavyongoja ikauke, kisha anavyoanza na wanyama, na madoadoa mwisho. Wakili akishaona hivyo mara moja, atajua aulize nini mahakamani.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa vitivo vya sheria na wa Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo: msiiache hakimiliki iwe somo la pembeni la anayependa, wala mkishaifundisha msiishie kwenye muziki na vitabu. Wapelekeni vijana wenu Oysterbay, wapelekeni Mwenge kwa wachongaji wa vinyago, wapelekeni Bagamoyo kwenye taasisi ya sanaa. Kila mmoja akae na msanii mmoja wiki mbili, aandike mkataba mmoja wa kweli wa kuruhusu picha kuchapwa, aandike barua moja ya madai, na aandae ushahidi wa kazi moja tangu mchoro wa penseli hadi siku ya kuuzwa. Nanyi Chama cha Mawakili wa Tanganyika, mnayo mafunzo endelevu ambayo mawakili wote hupaswa kuyahudhuria. Utengeni humo mlango wa sanaa za ufundi, na mwalimu wa siku ya kwanza awe mchoraji.

Mafunzo hayo yawe kwa Kiswahili. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Hata hivyo, mikataba niliyoiona vibandani ni ya Kiingereza kizito, karatasi nne au tano, na mchoraji anaonyeshwa mahali pa kutia saini tu. Nimeona mmoja ulioandikwa kwamba msanii anatoa haki zake zote, duniani kote, daima, kwa malipo ya mara moja. Aliyeusaini alidhani anauza picha tatu. Wakili asiyeweza kumweleza mteja wake kwa Kiswahili chepesi tofauti ya kuuza haki na kukodisha haki, huyo hajaielewa bado, hata kama ameufaulu mtihani.

Nimeshaambiwa kwamba wachoraji hawana pesa, na wakili naye ana kodi ya ofisi. Ni kweli. Lakini kumbukeni mwaka 2016, Mahakama ya Wilaya ya Ilala ilipoamuru kampuni ya simu iwalipe wanamuziki wawili zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa kutumia nyimbo zao kama miito ya simu bila idhini. Kabla ya siku ile wengi walidhani hakimiliki ni hadithi. Wanamuziki walipata mawakili waliowapigania mahakamani. Wachoraji nao picha zao zimo katika mifuko, fulana, kuta za mahoteli na matangazo, na kila chapa ni dai linaloweza kumlipa msanii na wakili wake pamoja. Na pale ambapo fedha kweli hakuna, tunayo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, inayowatambua hata wasaidizi wa kisheria. Wafundisheni na hao. Huko New York mawakili walijiunga tangu 1969 kuwasaidia wasanii wasio na uwezo, na wanaojitolea hufundishwa kwanza kesi za sanaa kabla ya kukabidhiwa mteja. Sioni kwa nini tushindwe.

Iko sababu nyingine inayonisukuma, nayo ni ya heshima zaidi kuliko ya fedha. Mei 2017 alifariki hapa Dar es Salaam mzee Francis Maige Kanyasu, maarufu kwa jina la Ngosha, aliyesema kwamba ndiye aliyeichora nembo ya taifa letu. Alikuwa ameishi katika ufukara, Buguruni. Nembo hiyohiyo, wengine huitaja kuwa kazi ya Jeremiah Kabati. Sikusudii hapa kuamua ni nani aliyeichora. Nasema tu kwamba nembo iko juu ya kila barua ya serikali na kila cheti cha shule, na taifa zima likabaki kubishana juu ya mkono ulioichora. Karatasi moja iliyoandikwa kwa uangalifu siku kazi ilipokabidhiwa, yenye jina, tarehe na saini, ingetosha kumpa mtu haki yake akiwa hai.

Na saa inakwenda. Sheria yetu humlinda msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Kwa hesabu hiyo, ulinzi wa picha za Tingatinga mwenyewe ulikoma mwisho wa 2022. Miaka 50 inaonekana mingi mpaka uitazame familia isiyo na mtu wa kuifumbulia sheria; hupita kama miaka mitano. Wakati huohuo majirani zetu wanasonga mbele. Kenya ilibadilisha sheria yake mwaka 2019 na kumpa msanii asilimia 5 ya bei kila picha yake inapouzwa tena kibiashara. Chini ya Mkataba wa Berne, mgeni huipata haki ya namna hiyo iwapo nchi yake nayo inaitambua. Wakili wa Dar es Salaam ambaye picha ya mteja wake imeuzwa upya Nairobi hana budi kulijua hilo, la sivyo atamwacha mteja wake mikono mitupu pale ambapo huenda angemdai mtu.

Nanyi wachoraji, msikae mkimngoja wakili. Tieni saini na mwaka nyuma ya ubao, pigeni picha ya kazi kabla haijatoka kibandani, na ujumbe wa mnunuzi msiufute simuni. Mpwa wangu aliipiga picha ile ya kanga rangi ikiwa bado mbichi, na tarehe imo.

Mfuko anao. Ameutundika kwenye msumari ukutani mwa kibanda, ubavu wenye kijiwe ukitazama nje. Wanafunzi wa sheria watakaopenda kuuona waje asubuhi, kabla ya saa nne, maana baadaye jua huingia ndani na hufunga kwa turubai. Benchi lina nafasi ya watu wanne.