Kuchagua Darubini ya Kutazamia Kanga

Juma lililopita kijana mmoja wa upande wa Nangina alinijia ofisini na swali ambalo sikulitazamia. Alikuwa amesoma habari za Wamarekani wanaowinda bata mzinga wa porini, na jinsi wanavyobishana juu ya darubini ifaayo kuchukuliwa mwituni. Akaniuliza, "Bwana Karani, nami nikitaka kununua darubini ya macho mawili, ninunue ipi?" Nikamwambia aketi, kwa maana jambo hilo limekwisha kunigharimu fedha na aibu, nami naona afadhali niwajibu wote pamoja mahali hapa.

Kwanza tumjue ndege mwenyewe. Bata mzinga wa porini hayuko kwetu. Kwao ni Amerika ya Kaskazini, na hawa tunaowafuga ni wa uzao uliofugwa kwanza huko Meksiko, kisha ukaletwa Ulaya na Wahispania katika karne ya 16. Lakini udugu wa jina uko. Waingereza wa zamani walimwita kanga wa Afrika kwa jina la nchi ya Uturuki, kwa kuwa aliwafikia kwa mikono ya wafanya biashara wa pande zile, na walipomwona yule ndege mgeni wa Marekani wakamchanganya naye, jina likamshika hata leo. Basi mwenye kuuliza habari za bata mzinga wa porini hapa Samia, kwa kweli anauliza habari za kanga, ambaye jirani zetu Wajaluo humwita aweno.

Habari ya bunduki tusiipoteze wakati. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa kujistarehesha mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 ilitaja hata uwindaji wa kutafuta kitoweo kuwa ni kosa. Mmarekani huchukua darubini ili amwone ndege kabla ya kumpiga. Kwetu sisi kuona ndiko mwanzo na mwisho wa safari. Hata hivyo haja ya chombo ni ile ile, kwa kuwa tabia za ndege hawa zafanana: wote hulala mitini, wote hushuka kulipopambazuka, na wote wana macho makali na hupenda kukimbia kuliko kuruka. Humwoni kwa karibu ila kwa bahati, na saa iliyo njema ya kumwona ndiyo saa ambayo mwanga ni haba.

Sasa aibu yangu. Mjomba wangu, ndugu wa mama, ni mzee aliyepita miaka sabini. Katika ujana wake alikuwa hodari wa kutega kanga kwa tanzi za katani kwenye miteremko ya mlima wa Odiado. Siku hizi macho yake hayafiki mbali. Mwaka juzi aliniambia kwamba alfajiri husikia kanga wakilia ng'ambo ya bonde, lakini hawaoni, wala hajui kama ni kundi zima au ni wawili watatu waliosalia. Jambo hilo lilimsumbua kuliko nilivyodhani. Nikamwahidi kwamba nitamwonyesha.

Nikaenda mjini Busia, nikakuta darubini nyeusi, iliyoandikwa kwa herufi za dhahabu 30x60, na vioo vyake vya mbele vyekundu kama damu. Muuzaji akaniapia kwamba ni ya jeshi. Nikatazama nje ya mlango saa sita mchana, nikasoma kibao cha duka lililo mbali, nikaridhika, nikatoa shilingi 3,500.

Siku ya Jumamosi tulikwea mlima saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kanga walikuwa wakilia, tena si mbali. Nilipoweka darubini machoni niliona kiza cha rangi ya kijani kikitetemeka kama maji ya sufuria iliyo motoni, na zaidi ya hapo sikuona kitu. Nikampa mjomba. Akaishika kwa muda mrefu, kisha akanirudishia kwa mikono miwili, akasema, "Nimewaona, mpwa wangu. Ahsante sana." Tukashuka mlima bila kusema neno.

Tangu siku ile nimejitahidi kujua ile hesabu ambayo muuzaji hakunieleza. Kila darubini imeandikwa namba mbili, mathalani 8x42. Ya kwanza ni kadiri inavyokuza. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele, kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, nawe utapata upana wa ule mwanga unaotoka upande wa jicho. Katika 8x42 ni milimita 5 na robo. Katika 10x25, zile ndogo za mfukoni, ni 2 na nusu. Katika ile yangu, kama maandishi yake yalikuwa ya kweli (nami sasa nina shaka), ni 2 tu. Mboni ya jicho la kijana gizani hupanuka hata kufika kama milimita 7, na ya mzee aghalabu hupata 5 au pungufu. Mchana wa jua kali mboni husinyaa ikawa 2 au 3, kwa hiyo haihitaji zaidi. Ndiyo maana dukani saa sita mchana kila darubini ni nzuri.

Tena, inayokuza ndege hukuza na mtetemeko wa mikono. Mtu akiisha kukwea mlima, moyo unampiga, darubini ya mara 30 haitulii hata kidogo, na upeo wake ni mwembamba mno: kanga akipita nyuma ya kichaka umempoteza. Kukuza mara 8 kwatosha. Mara 10 yamfaa mwenye mikono imara au mahali pa kuegemea. Wako wanaosifu 7x50 za mabaharia; ni nzuri kwa giza, lakini ni nzito shingoni, na jicho la mzee haliwezi kuutumia mwanga wote ule. Ningalikuwa na fedha leo ningalinunua 8x42, au 8x40, na vile vioo vyekundu ningaliviacha dukani.

Ukipata mtumba usiudharau, ila uupime. Inyanyue darubini mbele ya dirisha, mbali na uso, utazame zile duara mbili za mwanga: ziwe mviringo safi, zisiwe na pembe. Tazama ndani kwa upande wa vioo vikubwa. Ukiona nyuzi kama za utando wa buibui, hiyo ni kuvu, nayo katika masika yetu itaongezeka tu. Itikise sikioni, isigonge ndani. Kisha tazama mlingoti ulio mbali kwa dakika mbili. Ukiona milingoti miwili, au kichwa kikianza kuuma, mrudishie mwenyewe kwa adabu. Mwenye miwani aikunje ile mipira ya machoni, na aijaribu akiwa amevaa miwani yake. Na yeyote asiigeuzie jua, kwa maana jicho litaungua mara moja.

Neno jingine ni la sisi tukaao mpakani. Usisimame Busia au Malaba ukaielekeza darubini penye forodha au kituo cha polisi, ukidhani watu watajua kwamba unatazama ndege. Nenda nayo kwenye mafunjo ya Sio Port, ambako yuko ndege mwekundu na mweusi mwenye utosi wa manjano akaaye katika mafunjo tu, wala hakuna atakayekuuliza kitu.

Mwezi uliofuata niliazima 8x40 ya mwalimu mmoja mstaafu, kuukuu, ngozi imebanduka. Nilimketisha mjomba penye jiwe, viwiko juu ya magoti. Nikaikunja hata duara mbili zikawa moja machoni pake. Nikamwambia afumbe jicho la kulia, azungushe gurudumu la katikati mpaka mti wa mbele uwe wazi kwa jicho la kushoto. Kisha afumbe la kushoto, arekebishe kwa pete iliyo upande wa jicho la kulia. Kulikuwa bado na ukungu bondeni. Akanyamaza. Nikaona vidole vya mkono wake mmoja vikijikunja kimoja kimoja, vikakunjuka, vikaanza tena.

"Kumi na wanne," akasema. "Na mmoja anachechemea."

Nikanyosha mkono ili nami nitazame. Hakunipa.